UZI: Nimepita ukaguzi wa ustawi wa nguruwe, na nguruwe wangu walikuwa na kiu

#1 Mfugaji_Rongai

Wakubwa, salamu kutoka Rongai, upande wa Nakuru. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Nafuga nguruwe tangu 2016. Kwa sasa nina majike 14, dume mmoja, na wa kunenepesha kati ya 80 na 100 kutegemea mwezi. Mwaka jana mnunuzi wangu wa Nairobi (simtaji) aliniambia hoteli anazopelekea nyama zimeanza kuuliza hawa nguruwe wanaishi vipi. Akataka cheti cha ustawi wa wanyama. Akanielekeza kwa kampuni inayokagua, nikalipa, nikangoja.

Mkaguzi alifika saa nne asubuhi, kijana mwenye adabu, buti mpya kabisa. Nilikuwa nimepewa taarifa siku kumi kabla, kwa hivyo banda lilisuguliwa mpaka ungeweza kulia ugali sakafuni. Akaketi mezani kwangu akaomba daftari la dawa. Halafu la wageni. Halafu la vifo. Halafu karatasi za mafunzo ya wafanyakazi (ni wawili, mmoja ni shemeji yangu). Halafu mkataba na daktari wa mifugo. Chai ikaisha, ikaletwa nyingine. Saa sita kasorobo ndipo akavaa ovaroli akaingia bandani. Akapima vyumba vitatu vya mwanzo kwa tepu, akahesabu chuchu za maji (vile vibomba vya chuma ambavyo nguruwe hubonyeza kwa mdomo anywe), akapiga picha, akatoka. Dakika 25. Najua kwa sababu mke wangu aliniuliza mara mbili apakue saa ngapi.

Matokeo: nimepita. Kasoro ndogo mbili tu. Kabati la dawa halikuwa na kibandiko cha onyo, na namba za dharura hazikuwa zimebandikwa ukutani. Nikabandika, nikapiga picha, nikatuma, cheti kikaja na muhuri wa rangi ya dhahabu.

Wiki tatu baadaye jike mmoja aliyezaa watoto 11, yuko chumba cha mwisho kabisa, akaanza kuisha mwili. Mifupa ya nyonga inaonekana, watoto wanagombana chuchuni, maziwa hayatoki. Nikadhani ni homa. Mama watoto ndiye aliyegundua. Alisema, "Huyu hata ukimwaga chakula hageuki, amesimama tu pale kwenye bomba." Nikachukua jagi la lita moja na simu, nikabonyeza ile chuchu ya maji nikihesabu. Dakika tatu na sekunde kadhaa ndipo jagi likajaa. Nikaenda chumba cha kwanza kilicho karibu na tangi: sekunde 40.

Jike anayenyonyesha anahitaji maji lita 20 hadi 40 kwa siku. Kwa mwendo ule, lita 30 ni dakika 90 za kusimama akinyonya chuma. Na mkaguzi alihesabu zile chuchu! Zote zilikuwepo, kwa idadi ile ile karatasi inayotaka.

Swali langu: nimelipia nini?

#2 Pumba_Mbili

Umelipia kibandiko cha kabati.

#3 Daktari_Lurambi

Mfugaji, pole. Hali hiyo naijua, na mimi ni daktari wa mifugo wa kaunti jirani, kwa hivyo niruhusu nijibu kwa urefu.

Kukagua kuko kwa namna mbili. Ya kwanza inaangalia mnyama amepewa nini: nafasi, paa, chuchu za maji, dawa, karatasi. Ya pili inamwangalia mnyama mwenyewe: anachechemea? Ana vidonda mabegani kwa kulalia simiti? Mkia umeliwa? Anakohoa? Ukiingia anakimbilia kona au anakuja kunusa buti? Ya kwanza ni nafuu kwa sababu tepu haibishani na mtu. Ya pili inataka jicho, na macho ya watu wawili hayatoi alama moja mpaka yafunzwe pamoja.

Historia kidogo. Uingereza mwaka 1965 kamati ya Brambell ilisema mnyama wa kufugwa angalau aweze kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Mwaka 1979 baraza lao la ustawi wa mifugo likatoa ule uhuru wa aina tano tuliokaririshwa chuoni. Wa kwanza kwenye orodha, kabla ya maumivu, kabla ya hofu, ni kutokuwa na njaa na kiu. Kwa hivyo jike wako ameshindwa mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza, na shamba limepita.

Baadaye, kati ya 2004 na 2009, kukawa na mradi mkubwa wa Ulaya ulioitwa Welfare Quality. Wakatengeneza utaratibu wa kukagua ng'ombe, kuku na nguruwe kwa vigezo 12, na alama nyingi zinatoka mwilini na katika tabia ya mnyama. Ni kazi nzuri ila inakula saa nyingi kwa shamba moja, nani atalipia? Mwaka 2013 wafugaji wa nguruwe wa Uingereza wakaanza njia fupi waliyoiita Real Welfare: daktari wa shamba anahesabu mambo machache tu, wangapi wanastahili chumba cha wagonjwa, wangapi wanachechemea, mikia mingapi imeumizwa, wangapi wana michubuko, na wangapi wana kitu cha kuchezea na kweli wanakichezea.

Sasa nikuudhi kidogo. Hata ule utaratibu wa Welfare Quality, ukifika kwenye maji unarudi kuhesabu chuchu na kuangalia kama ni safi na zinafanya kazi. Kiu ya nguruwe haionekani kama kilema. Kwa hivyo usimlaumu yule kijana kwa yote. Mlaumu kwamba hakubonyeza.

#4 Mfugaji_Rongai

Daktari, asante. Hakubonyeza hata moja. Nilikuwa nimesimama hapo.

#5 Mama_Amukura

Hodi humu. Mimi ni wa Busia, upande wa Teso Kusini. Nimesoma habari za tepu na muhuri wa dhahabu nikajiuliza mimi mwenye nguruwe watatu ningekaguliwa na nani.

Huku kwetu nguruwe hufungwa kamba. Wengi mguuni, wengine shingoni. Wakati wa kupanda na mazao yakiwa shambani kila mtu anafunga, kwa sababu nguruwe wako akiingia kwenye viazi vitamu vya jirani, kesi inafika kwa mzee wa mtaa kabla jua halijazama. Mavuno yakiisha wanafunguliwa wanazurura. Anakula maganda, machicha ya pombe, matunda yaliyooza, na samahani kwa mnaokula, anakula pia choo cha watu pale ambapo watu hawana choo. Hapo ndipo wanapopata yale malengelenge ya tegu kwenye nyama.

Na sisi tuna ukaguzi wetu. Mnunuzi akija, kabla hajataja bei, wanaume wawili wanamlaza nguruwe, wanamtia kijiti mdomoni, mmoja anavuta ulimi kwa kitambaa, halafu anapitisha kidole gumba chini yake polepole. Anatafuta vipunje, vigumu kidogo, kama mchele uliosahaulika chini ya sufuria. Akivipata anaacha ulimi, anafuta mkono kwenye suruali, anaenda. Haandiki kitu. Na mtaa mzima utajua jioni hiyo.

Sisemi ni ukaguzi wa huruma, nguruwe anapiga kelele hadi Malaba wanasikia. Tena si wa uhakika, mwenye vipunje vichache anapita salama na vimo ndani ya nyama. Lakini angalau mtu amemshika nguruwe.

#6 Daktari_Lurambi

Mama, umenikumbusha mbali. Kwa wasiojua: mayai ya tegu yakimwingia binadamu, kwa mikono michafu au maji, yanaweza kwenda kuweka makao kwenye ubongo, na matokeo yake ni kifafa. Nyama yenye vipunje isipoiva inampa mlaji tegu tumboni, kisha yeye ndiye anayetoa mayai. Kwa hiyo choo cha shimo na nguruwe aliyefungiwa bandani ni dawa ya kifafa pia. Orodha za ukaguzi zilizoandikwa Ulaya hazina mstari wa "je, nguruwe anakula kinyesi cha watu," maana kwao swali hilo halipo.

#7 Mkweli_Soko

Nitasema ambayo wengine wanaogopa kusema. Haya yote ni mambo ya watu walioshiba. Gunia la chakula cha nguruwe linapanda kila ukigeuka, mfugaji anauza kwa hasara, halafu tunaongezewa cheti. Cheti ni ada nyingine tu. Mnunuzi anataka kuuza nyama ghali hotelini, gharama anamsukumia mkulima. Mfugaji, bei ya kilo ilipanda baada ya muhuri wa dhahabu?

#8 Mfugaji_Rongai

> bei ya kilo ilipanda baada ya muhuri wa dhahabu?

Haikupanda. Aliniambia nisipokuwa nacho ndiyo atapunguza.

#9 Mkweli_Soko

Nafunga faili.

#10 Daktari_Lurambi

Usifunge haraka, bwana Mkweli. Kwenye pesa una haki. Lakini hao unaowaita walioshiba nao wamegombana sana juu ya mambo haya, na si kwa huruma tupu.

Chukua vile vizimba vya majike, anasimama na kulala tu, hawezi kugeuka, mimba nzima siku 114. Uingereza ilivipiga marufuku 1999. Umoja wa Ulaya ukafuata kuanzia 2013, ila ukaacha mwanya wa wiki nne za kwanza baada ya kupandishwa. Marekani, wapiga kura wa California waliamua 2018 kwamba nyama ya nguruwe isiuzwe kwao kama jike hakupewa angalau futi mraba 24, hata akiwa amefugwa jimbo lingine. Wafugaji wakaenda mpaka Mahakama ya Juu, wakashindwa 2023. Sasa jiulize: muuza nyama wa California anajuaje kwamba jike wa jimbo la mbali alikuwa na futi 24? Kwa mkaguzi. Sheria ikivuka mpaka, mkaguzi ndiye miguu yake.

Na usidhani viwango vyao ni vya peponi. Nguruwe wa kilo 85 hadi 110, sheria ya Ulaya inamtaka apewe mita mraba 0.65. Pima mlango wa chumba chako. Haifiki nusu yake. Kukata mikia kama mazoea, ili nguruwe wasitafunane mikia, kumekatazwa kule miaka mingi, mfugaji anatakiwa kwanza arekebishe banda na awape majani makavu ya kufukua. Bado nguruwe wengi wa Ulaya hawana mikia. Mkaguzi anaandika "kuna mnyororo wa kuchezea," anaweka tiki.

#11 Pumba_Mbili

Nusu ya mlango? Bedsitter yangu ya Kondele sasa naiona ni jumba la kifalme.

#12 Niliwahi_Kukagua

Nimekuwa nikisoma kimya. Nilifanya kazi ya ukaguzi miaka sita. Nilianzia maua ya Naivasha, nikaenda kuku wa mayai, nguruwe mwishoni. Sikuifanyia kazi kampuni iliyomkagua mwenye uzi wala siijui, lakini kila alichosimulia nimekifanya mimi mwenyewe. Kwa hivyo nitaongea kama mkosaji.

Kwanza ratiba. Unapewa mashamba mawili kwa siku, moja Subukia, lingine Molo. Barabara inakula saa mbili. Ripoti lazima iwe imeingia kwenye mfumo usiku huo huo. Ripoti ina maswali mengi sana, na karibu yote yanajibiwa na karatasi. Ukiketi mezani unajibu maswali arobaini kwa saa moja. Ukiingia bandani unajibu matano. Wewe ungeketi wapi?

Pili, nani analipa. Mfugaji akijikagua mwenyewe, hiyo ni moja. Mnunuzi akimkagua mfugaji, hiyo ni ya pili, na mnunuzi ana mkono mzito kwa sababu ndiye mwenye hela. Ya tatu ni kampuni ya nje isiyo ya huyu wala yule, ndiyo inayotoa cheti, na ndiyo inaaminika zaidi. Ila ankara inaenda kwa mfugaji. Nikimwangusha leo, mwaka kesho atatafuta kampuni nyingine, na mimi nitaulizwa ofisini kwa nini wateja wananikimbia. Hakuna aliyewahi kuniambia nipitishe shamba bovu. Hakukuwa na haja ya kuniambia.

Kuna kinga. Nchi inayo idara ya ithibati, KENAS, ambayo kazi yake ni kuwakagua wanaokagua. Kiwango cha kimataifa cha kampuni za vyeti ni ISO/IEC 17065, na kinadai waziwazi kwamba anayeamua kutoa cheti asiwe yule aliyekwenda shambani. Kwa hivyo Mfugaji, swali la kwanza kuuliza kampuni yoyote: mna ithibati, na ni ya kazi ipi hasa? Unaweza kukuta wana ithibati ya parachichi wakakukagulia nguruwe.

Tatu, ile taarifa ya siku kumi. Watu husema dawa ni kuja bila hodi. Kwa maua sawa. Kwa nguruwe ni hatari, na wa magharibi mtanielewa. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, inaingia na buti, na gari, na kipande cha nyama kwenye makombo ya hoteli. Ugonjwa wenyewe ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza hapa hapa Kenya, 1921. Mkaguzi anayetoka shamba moja hadi lingine bila hodi anaweza kuwa ndiye aliyeibeba. Ndiyo maana tulitakiwa kukaa saa 48, kwingine 72, bila kugusa nguruwe kabla ya kuingia shamba jipya. Sasa rudi kwenye ratiba yangu ya mashamba mawili kwa siku. Umeshapata jibu kwa nini nilipendelea mezani.

Niliacha baada ya shamba moja nisilolitaja. Nilikuwa nimemaliza, nimejaza, nimepitisha. Nikaomba choo. Nyuma ya choo kulikuwa na kibanda cha mabati kisicho kwenye ramani ya shamba, na ndani mlikuwa na nguruwe sita wagonjwa, mmoja mguu umevimba kama kibuyu, hakuna maji. Mwenye shamba akasema, "Hao hawahesabiwi, wanangoja." Niliifuta ripoti nikaandika upya. Ofisini niliulizwa maswali mengi kuliko yeye.

Tangu hapo, kama mtu ananiuliza aanzie wapi kukagua, namwambia aanze na wagonjwa. Uliza wako wapi. Wakikwambia hakuna mgonjwa hata mmoja kati ya mia, hapo ndipo uanze kazi.

#13 Mama_Amukura

"Wanangoja." Mungu wangu.

#14 Boda_Kisumu_Ndogo

Mimi sifugi, nabeba. Maseno, Luanda, hadi Kisumu mjini. Nimeona mnaongea banda, banda, hakuna aliyetaja barabara.

Nguruwe tunamfunga miguu minne, tunamlaza kwenye ubao nyuma ya pikipiki, tunampitisha mpira wa tairi juu ya tumbo. Akiwa mkubwa anazidi upana wa ubao, kichwa kinaning'inia huku na miguu kule. Anapiga kelele kuanzia Luanda. Nilipoanza kazi mzee mmoja aliniambia, akipiga kelele usijali, akinyamaza simama. Sikumwelewa. Siku moja saa saba mchana, jua la Kisumu mnalijua, nguruwe wangu akanyamaza tulipopita Kisian. Nikafurahi, nikaongeza mafuta. Nilipofika alikuwa anahema kama mvukuto wa fundi chuma, povu mdomoni, ngozi imekuwa nyekundu madoa madoa. Akafa kabla hatujamshusha. Mwenye nguruwe akanikata pesa.

Baadaye ndipo nikaambiwa nguruwe hatoki jasho. Mtu anabeba miaka minne hajui hilo! Sasa nabeba alfajiri au usiku, namwagia maji kwanza, na wakubwa nawakataa, watafute pikapu.

Swali kwa Daktari na huyu bwana mkaguzi: cheti cha Rongai kinafika hadi kichinjioni au kinaishia getini?

#15 Niliwahi_Kukagua

Vingi vinaishia getini. Usafiri na uchinjaji vina vyeti vyao, kama vipo.

#16 Daktari_Lurambi

Na swali la sheria kabla hamjauliza: ipo. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inamhusu hata nguruwe wa boda, na ina kanuni zake za usafirishaji. Kibali cha kusafirisha nacho ni lazima. Katiba ya 2010 iliwapa kaunti jukumu la ustawi wa wanyama. Lakini adhabu iliyoandikwa kwenye Sura hiyo kwa ukatili ni faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote. Nguruwe wako aliyekufa Kisumu alikuwa na thamani zaidi ya faini.

Boda, nakupongeza kwa alfajiri. Nasema kweli.

#17 Pumba_Mbili

Niache utani kidogo, nina swali ambalo naona aibu kuliuliza kwa jina langu. Kuhasi. Mimi natumia wembe na spiriti, watoto wakiwa na wiki tatu hivi, shikilia, kata, paka, achilia. Baba alifanya hivyo. Mkaguzi angeniangusha?

#18 Daktari_Lurambi

Kwa kiwango cha Ulaya, ndiyo. Wao wanaruhusu bila ganzi kabla ya siku ya saba tu. Ikipita hapo ni daktari wa mifugo, kwa ganzi na dawa ya maumivu ya kudumu. Waingereza wengi hawahasi kabisa, wanachinja mapema kabla nyama haijashika harufu ya dume.

Wiki tatu umechelewa, kidonda ni kikubwa na mtoto amepata nguvu za kupigana. Fanya siku ya tatu au nne, siku ile ile unayowadunga madini ya chuma, na mwite msaidizi wa mifugo akuonyeshe dawa ya maumivu. Si aibu kuuliza.

#19 Pumba_Mbili

Sawa Daktari. Asante.

#20 Mkweli_Soko

Nimerudi kwa sababu ya habari ya kibanda nyuma ya choo. Bado nasema cheti ni ada. Lakini kama mtu angekuja kwangu kila baada ya miezi mitatu, daktari yule yule, akanihesabia wanaochechemea na mikia, akaniambia robo iliyopita walikuwa tisa na sasa ni wanne, huyo ningemlipa hata bila muhuri. Maana hiyo ni pesa yangu inayochechemea.

#21 Niliwahi_Kukagua

Hapo Mkweli umesema. Tofauti ya ukaguzi mmoja kwa mwaka na hesabu ya kila robo ni kama picha ya pasipoti na kuishi na mtu. Changamoto ni kwamba daktari wa shamba ni rafiki wa shamba. Kwa hivyo hesabu aifanye yeye, na mtu wa nje aje bila kuchagua vyumba, arudie hesabu kwenye vyumba vichache. Vyumba vichaguliwe kwa kura mlangoni. Ukimwachia mwenye shamba akuongoze, utaona vitatu vya mwanzo kila siku ya maisha yako. Muulize Mfugaji.

#22 Mama_Amukura

Daktari, na mimi wa kamba? Simiti sina. Banda la mbao nimeanza, bado mabati.

#23 Daktari_Lurambi

Mama, kamba ndiyo ikaguliwe basi. Itoe mguuni. Mguuni inakata ngozi, nzi wanaingia, kidonda hakiponi kwa sababu kila akivuta kinafunguka. Shona mshipi wa kupita kifuani nyuma ya miguu ya mbele, tumia kitambaa cha gunia kilichokunjwa mara tatu au mpira wa ndani wa tairi, kamba ifungwe mgongoni. Ingiza vidole viwili chini yake kila asubuhi, wakinenepa unabana bila kujua. Mfunge penye kivuli na umhamishe kivuli kikihama. Beseni la maji liwe ndani ya urefu wa kamba, na lichimbiwe, maana atalipindua kwa pua.

#24 Mama_Amukura

La kupindua nalijua. Amepindua masufuria yangu matatu.

#25 Mfugaji_Rongai

Nimerudi na taarifa, samahani kwa kukaa kimya, tulikuwa na kazi ya mabomba.

Tangi limeinuliwa. Lilikuwa juu ya mawe manne, sasa liko juu ya mnara wa mbao zaidi ya kimo changu. Bomba kuu lilikuwa la nusu inchi kutoka mwanzo hadi mwisho, ndiyo maana vyumba vya mwanzo vilikuwa vinakunywa maji ya wenzao. Tumeweka la inchi moja. Chumba cha mwisho sasa jagi linajaa sekunde 35. Tulipofungua chuchu kuukuu tulikuta mbili zimeziba kwa mchanga na kitu kama ute wa kijani. Yule jike amerudi mwilini, ingawa watoto wake wawili hatukuwaokoa.

Niliandikia kampuni, nikawaeleza kila kitu pamoja na video ya jagi. Wakajibu kwa adabu kwamba cheti changu ni halali hadi ukaguzi wa mwaka ujao, na kwamba nikitaka kulalamika juu ya matokeo kuna fomu. Nikajaza fomu. Fomu ina sehemu ya "sababu ya kutoridhika na kushindwa." Haina sehemu ya kutoridhika na kupita. Nikaandika pembeni kwa kalamu.

Mnunuzi nilipompigia alicheka sana. Alisema tangu aanze biashara mimi ndiye wa kwanza kulalamika kwamba nimepita. Lakini alikuja. Nikampa jagi na simu, nikamwacha achague vyumba kwa kura kama alivyosema Niliwahi_Kukagua. Alipima vinne. Halafu akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa kama dakika kumi hivi akiwaangalia tu, nguruwe wakazoea, wakaja kumtafuna kamba za viatu. Tukahesabu pamoja: wanaochechemea 3 kati ya 88, mikia yenye alama 7, na hiyo mikia yote saba iko chumba kimoja, kile kisicho na majani ya ngano. Sikuwa nimeiona mimi mwenyewe. Njoro hapo ngano ikishavunwa majani yanachomwa bure, nimeagiza pikapu mbili.

Bei hakuongeza. Ila amesema atapima jagi kwa wafugaji wake wengine wawili.

Jagi tumelitundika msumarini chumba cha mwisho. Shemeji anapima kila Jumatatu na kuandika ukutani kwa chaki.

Jambo la mwisho, linalotokana na Boda wa Kisumu. Alhamisi lori linakuja kuchukua 20, saa kumi na moja alfajiri. Mpaka sasa tumekuwa tukiwapandisha kwa kuwavuta masikio na mkia, na sitaki tena. Kuna mtu ana ngazi ya kupakilia, ile ya mteremko yenye vipande vya kuzuia kuteleza, ya kuazima au kuuza, karibu na Nakuru?

#26 Mkweli_Soko

Ninayo ya mbao, iko Kampi ya Moto. Nilitengeneza ya ng'ombe lakini ukiweka mabati kando kando nguruwe hawaoni nje, wanapanda wenyewe. Njoo na pikapu. Kuazima ni bure, ukiivunja unalipa.

#27 Boda_Kisumu_Ndogo

Na mwagia maji kabla ya kupakia.